Nondo za Shemeji Bakari

Wanaume walikaa gereji. Sisi wanawake tulikuwa ndani, sebuleni na jikoni, wengine wamekaa kwenye ngazi za kushukia chini kwa kukosa nafasi, lakini khitma ya Shemeji Bakari ilisomwa gerejini, kwenye jengo alilolijenga mwenyewe nyuma ya nyumba yake hapa Lanham, Marekani. Kila nilipopita na sinia nilisikia sauti zao zikiingia kwa dirisha la jikoni. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, miguu imevimba, na sikutaka kuongea na mtu. Umri wangu sasa ni wa kwenda misibani zaidi kuliko harusini, na kusema kweli misiba nimeichoka. Unavua viatu, unakumbatiwa na watu usiowakumbuka majina, unaambiwa umenenepa. Nikasimama kwenye sinki nikaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Mbele ya dirisha lile ilipita kamba ya nguo ya Dada Hidaya, kutoka nguzo ya baraza ya mbao mpaka pembe ya gereji, na juu yake zilianikwa kanga mbili na taulo. Mumewe amezikwa juzi kule Laurel, yeye ameanza eda, nyumba imejaa watu, na nguo zimefuliwa. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikaendelea na vikombe.

Mwaka ule ninaoukumbuka nilikuwa naishi chini ya nyumba hii hii. Nilikuwa msichana wa kazi mbili: asubuhi nafanya usafi kwenye ofisi za watu Laurel, jioni napiga pasi mashuka ya hoteli. Dada Hidaya alinipa chumba bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Si ndugu yangu wa damu, tulitoka Tanga moja tu, na huku hilo linatosha kuitana dada. Chumba kilikuwa na zulia la rangi ya uji, dirisha dogo lililo usawa wa majani ya nje, na harufu ya unyevu ambayo hakuna udi ulioweza kuiondoa. Juu ya kitanda palikuwa na tundu la bomba la hewa ya joto, limefunikwa kwa bati lenye matobo, na kwa tundu lile jikoni kote kulinifikia. Nilisikia mifuniko ya sufuria, nilimsikia Zuhura, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, akisema "I don't want ugali", na nilimsikia mama yake akimjibu kwa Kiswahili kwamba hakuulizwa. Nilisikia pia mazungumzo ya mume na mke. Sikuwa mdukuzi. Tundu nililikuta pale.

Katika nyumba ile kila mwaka ulikuwa wa mwisho. Dada Hidaya alikuwa na sahani nzuri za maua ambazo hakuzitoa kwenye boksi lake tangu azinunue, kwa sababu ni za kwenda nazo. Hakununua kabati, hakubadilisha mapazia yaliyoachwa na wenye nyumba wa mwanzo, hakupanda hata mchaichai. Kwetu, mtu aliye Marekani akisema anajenga, hakuna anayemuuliza wapi. Anajenga nyumbani, na huku amepanga au amekopa, anangoja. Kwa hiyo siku Shemeji Bakari aliporudi kutoka kuendesha teksi uwanja wa ndege, akaweka funguo mezani na kusema, "Mama Zuhura, nataka kujenga," nilimsikia dada akisema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Akauliza kiwanja kimeshapimwa? Nadhani ndipo Shemeji aliponyoosha kidole kuonyesha bustani ya nyuma, kwa sababu kilichofuata ni mlio wa bakuli kuwekwa mezani kwa nguvu.

Hoja yake ilikuwa nzuri, sikatai. Shemeji alikuwa fundi magari kabla ya kuwa dereva, na kila mwisho wa juma watu walimletea magari yao, akiyafungua mbele ya nyumba, mafuta yakichuruzika mpaka barabarani. Majirani wakalalamika, kaunti ikamwonya. Akamwambia mkewe kwamba akipata gereji yake ataacha teksi, mambo yatakwenda mbio, mwaka mmoja au miwili watauza nyumba na gereji yake, waondoke. "Hii ndiyo itakayotutoa," alisema. Dada alifikiri siku kadhaa. Mwishowe akasema sawa, jengeni, nitawapikia. Na huo ndio ulikuwa mkataba wenyewe, kwa sababu marafiki waliokuja kujenga hawakulipwa. Walilishwa, na kwa desturi yetu mwenye nyumba akikulisha, nyumba nzima imekubali kazi yako.

Walikuwa wawili. Deo alitoka Bukavu, huko alikuwa fundi mwashi wa kutajwa, na huku alikuwa akiwanyanyua wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake ya samawati, macho mekundu. Wa pili alikuwa Mwangi wa Nakuru, dereva wa lori, aliyeishi Temple Hills na kulalamika kuhusu foleni ya barabara ya Beltway kabla ya kusalimia. Jumapili Deo na Mwangi walikuwa kanisani, siku za kazi kila mtu na lake, hivyo gereji ile ilijengwa Jumamosi kwa Jumamosi, kuanzia maua ya cherry yanapopukutika mpaka majani yanapoanguka. Kila gereji ya mtaa ule ilikuwa ya mbao. Shemeji alipita akizigonga kwa kidole na kusikitika. "Haya maboksi," alisema. Yake itakuwa ya matofali ya saruji, na nondo ndani, na zege juu, jengo la kueleweka.

Kosa la kwanza lilikuwa la msingi. Walichimba kina ambacho Bukavu na Tanga kingebeba msikiti, kwenye ule udongo mwekundu wa huku unaong'ang'ania beleshi, jasho likiwatiririka. Mkaguzi wa kaunti akaja, mama mmoja mrefu mwenye buti, akatazama shimo, akatikisa kichwa.

"Anasemaje?" Deo akauliza.

"Anasema hatuja-dig vya kutosha," Mwangi akamjibu. "Ati winter ardhi ina-freeze, inafura, inainua nyumba."

"Udongo unapanda juu?" Deo aliegemea beleshi. "Minajenga tangu niko kijana, sijaona udongo unapanda."

"Hujawahi ona pia baridi ya kukukatia maji kwa bomba, na umeiona. Chimba, buda."

Wakachimba tena. Mimi niliwatazama kutoka barazani nikimenya viazi, na nakumbuka nilivyowaonea huruma, watu wazima watatu wanaorudia shimo moja baada ya wiki nzima ya kuwatumikia watu wengine. Leo nikiwa na umri mkubwa kuliko waliokuwa nao wakati ule, sijui walipata wapi nguvu hizo. Mimi nikitoka kazini hata balbu siwezi kubadilisha.

Chakula kiliwekwa chini ya baraza, kwenye ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili. Asubuhi chai ya tangawizi na maandazi, mchana wali na maharage ya nazi, au ndizi na nyama. Nazi ilikuwa ya kopo na Dada Hidaya aliitukana kila alipoifungua. Mwangi aliomba ugali kila wiki na kupewa wiki moja moja. Deo alikula kimya, halafu akashiba, halafu akaanza kusema. "Huu mugongo yangu njo ya kubeba bazee," alisema siku moja akijinyoosha kwenye majani kando ya matofali, "haiko tena ya kubeba briques." Shemeji akamwambia apumzike, afanye nusu siku. Deo akakataa. Alisema wiki nzima anasukuma watu wanaoelekea kufa, na Jumamosi anaona ukuta unapanda, basi aachwe na ukuta wake. Mwangi akamtania kwamba huyo ndiye Mkongo wa kwanza anayefanya kazi bila muziki. Walicheka, Dada Hidaya naye akacheka pale juu barazani, na nilifikiri kwamba mambo yote ni mazuri.

Hayakuwa mazuri. Mwisho wa kiangazi kuta zilikuwa zimefika juu, wakamwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya kuta, na Jumamosi iliyofuata mbao za kukingia zege zikavuliwa. Jengo lilisimama, zito, la kijivu, katikati ya vibanda vya mbao vya majirani, na kwenye kila pembe ilitokeza nondo moja, imesimama wima kupita lenta, urefu wa mkono wa mtu mzima. Mimi sikuona ajabu. Nimekulia kwenye mji ambao kila nyumba imetokeza nondo juu kusubiri ghorofa ambayo mwenyewe ataijenga Mungu akijalia. Deo aliziacha bila hata kuambiwa na Shemeji alizitazama akaridhika. Aliyeshangaa alikuwa mkaguzi. Alizunguka jengo mara mbili, akauliza zile nondo ni za nini.

"Mwambie za ghorofa," Shemeji akamwambia Mwangi.

"Ghorofa gani? Kibali ni cha gereji."

"Mwambie za baadaye."

Mwangi akamwambia. Yule mama akasema hakuna kibali cha baadaye, wazikate kabla ya kuweka paa. Shemeji akasema sawa, yes ma'am, na mkaguzi akaondoka. Nilipogeuka nilimwona Dada Hidaya dirishani pa jikoni, mwiko mkononi, anazitazama zile nondo moja baada ya nyingine. Kwa kweli naona kwamba mwaka wangu ule wote ulielekea kwenye dirisha lile.

Jioni yake nilikuwa nimelala chali, bado na soksi za kazi, tundu likaanza kusema.

"Baba Zuhura, zile nondo za nini?"

"Za pembe."

"Za pembe zinaishia kwenye lenta. Zile zimepita."

"Ni desturi tu, mke wangu. Deo kaziacha."

"Desturi ya mtu anayetaka kupandisha." Kisha, "Nani atakaa huko juu?"

"Mtu hajui ya mbele."

"Mimi nayajua ya kwangu. Ya kwangu ni Tanga. Uliniambia mwaka mmoja, miwili. Mtu wa mwaka mmoja haachi nondo nje."

Nilimsikia Shemeji akifungua friji na kuifunga bila kutoa kitu. Nililala macho wazi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemwambia mama yangu mwaka mmoja, na wakati ule ule nilikuwa nimeanza kuulizia masomo ya unesi, ya miaka. Sikuwa na nondo za kuonekana na mtu, lakini zilikuwepo.

Ikapita Jumamosi, ikapita nyingine, nondo hazikukatwa. Baridi ilikuwa inanyemelea na paa lilitakiwa lipande. Siku ya paa Deo akaja na sare yake, Mwangi akaja na ngazi mbili juu ya gari, mbao zote zimeshapangwa uwanjani. Hapakuwa na chai. Hapakuwa na maandazi. Ubao ulikuwa umelala juu ya ndoo zake, mtupu, na umande juu yake. Wakadhani amechelewa, wakaanza kupima na kuweka alama. Saa ya chakula ikafika, jikoni hakuna moshi, hakuna harufu. Dada Hidaya alikuwa sebuleni anamsuka Zuhura nywele, televisheni imezimwa. Shemeji akaja kunigongea beseminti.

"Saumu, tafadhali, wapikie watu chochote. Wali mweupe tu."

Nilimtazama. Alikuwa amenisaidia sana mtu yule. Alinipeleka kazini kwa teksi yake siku za theluji, hakuwahi kuniita mgeni. Lakini chumba kile nilipewa na mkewe, na nilielewa vizuri nilichokuwa naombwa. "Shemeji," nikamwambia, "jiko si langu." Nilijisikia vibaya, na pia, niseme kweli, nilikuwa nimechoka kupita kiasi kuwa katikati ya watu wawili ninaowapenda. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akapanda ngazi polepole.

Nikamfuata nje. Mwangi, mtu wa njaa zake, alikuwa ameshaagiza piza kwa simu na anajaribu kuifanya jambo la mzaha. "Shem leo ametuwekea dry," alisema, "lakini hakuna noma, tunajimudu." Deo alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali yaliyobaki. Nyundo ameiweka chini.

"Ile piza kula wewe," alisema. "Kwetu, nyumba yenye mama yake hajapika, haipande. Minangojea."

"Deo, mvua inakuja wiki ijayo," Shemeji akasema.

"Ikuje. Bakari, uongee na bibi yako. Sisi batu ba inje, hatuwezi kumuwekea paa juu ya kichwa kama hataki."

Wakakaa. Piza ikaja ikapoa kwenye boksi lake; hata Mwangi hakuigusa. Watu wanaokimbia wiki nzima, na zamu zao na mizigo yao, walikaa juu ya matofali siku yao moja ya juma, mikono juu ya magoti, wakasubiri. Nimekaa nchi hii muda mrefu na sijaona tena kitu cha namna ile. Hatimaye mlango wa baraza ukafunguliwa. Dada Hidaya akatoka na sufuria kubwa ya pilau, ile ya Idi, tupu, ameishika kwa masikio yake mawili. Hakupaza sauti.

"Kateni zile nondo," alisema, "nami nitapika."

Shemeji alipanda ngazi mwenyewe. Deo alimpa mashine ya kukatia chuma, cheche zikaruka mpaka kwenye majani makavu, na nondo ya kwanza ikaanguka nje kwa mlio mkali. Ya pili. Ya tatu. Alipofika pembe ya nne, ile inayotazama jikoni, alizima mashine. Akaomba bomba la chuma. Akalichomeka juu ya nondo, yeye na Mwangi wakaning'inia nalo kwa uzito wao wote, nondo ikainama taratibu kwa nje mpaka ikageuka ndoano nene ubavuni mwa ukuta. Akafuta jasho, akamtazama mkewe pale barazani.

"Hii ni yako," akasema. "Ya kamba ya nguo. Unalalamika kila siku huna pa kuanika."

Mwangi akapiga kelele za harusi. Deo akacheka, mimi nikacheka, tulihitaji sana kucheka. Dada Hidaya aliitazama ile ndoano kitambo, sufuria bado mkononi. Kisha akageuka akaingia ndani, na baada ya muda nikasikia vitunguu vikianza kulia kwenye mafuta. Nikaenda kumsaidia. Tulikula pilau ile kwa taa ya gari la Mwangi, na paa lilipandishwa Jumamosi iliyofuata, kabla ya mvua.

Mimi nilihama masika yaliyofuata, nikaenda Laurel, nikasoma, nikawa nesi, nikaolewa, nikaachika, nikazeeka. Wao hawakuondoka. Hakuna siku lilipokatwa shauri kwamba hatuondoki. Zuhura alikuwa na mitihani, kisha makaratasi ya ukaazi yalikuwa yanasubiriwa, kisha mgongo wa Shemeji, kisha magari yakaanza kuwa na kompyuta na wateja wakapungua. Gereji ikajaa magodoro ya wageni, friji la nyama ya Idi, pipa la vitu vya kutuma nyumbani ambalo halijai. Siku hizi Deo ana mvi tupu na Mwangi amefanyiwa operesheni ya goti. Nilipowapelekea kahawa siku ile ya khitma niliwakuta wameketi chini ya paa lao, bega kwa bega. Deo alikuwa anapitisha kiganja kwenye ukuta. "Haikupasuka hata kidogo," aliniambia. "Ule mama alisema kweli, udongo unapanda." Mwangi hakusema kitu, na Mwangi asiposema kitu ujue hali ni mbaya.

Watu walipotawanyika, Zuhura alikuja jikoni. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake na njia yake ya kusimama mikono kiunoni kama baba yake. Mama yake alikuwa ametoka barazani kuanua nguo, na mimi nilikuwa nimemfuata na kapu. "Mama," Zuhura akasema kutoka mlangoni, "after eda, you're going home, right? You always said. I can take you."

"Nyumbani wapi?" Dada Hidaya akamuuliza.

"Tanga, Mama."

"Tanga nani atanifungulia mlango?" Hakusema kwa uchungu. "Baba yako nimemlaza Laurel. Nenda kawatazame watoto."

Zuhura akaingia ndani. Dada akaendelea kuvuta vibanio kimoja kimoja na kunitilia kapuni. Kamba ilitikisika mpaka kule mwisho, kwenye ile ndoano ya pembeni, imekula kutu yote lakini imeshika.

"Siku ile aliikunja," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alikutengenezea pa kuanikia."

"Saumu, mimi ni mtoto wa fundi. Nondo ukiwa huitaki unaikata. Ukiikunja, una nia ya kuja kuinyoosha."

Miaka yote ile niliamini alikuwa amedanganywa, au kwamba hakuelewa, na nilimwonea huruma kwa hilo. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua palepale. Na yeye aliona kwamba nimejua."

"Sasa mbona uliingia kupika?"

Alitoa kibanio cha mwisho, akaivuta taulo, akaikung'uta. Uso wake ulikuwa umechoka kabisa, uchovu wa zaidi ya siku tatu.

"Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Na watu walikuwa na njaa."